Kutoka Python 2 kwenda Python 3 bila kupoteza shilingi ya mwanachama

Python 2.7, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu iitwayo Python, ilisitishwa rasmi tarehe 1 Januari 2020, na toleo lake la mwisho kabisa, 2.7.18, lilitoka Aprili mwaka huohuo. Python 3 yenyewe ipo tangu Desemba 2008. Ungedhani habari hii imeshazikwa. Kazi yangu ni kuhudumia programu ndogondogo za ofisi huku Kanda ya Ziwa, na bado naitwa kwenye SACCOS, maduka ya jumla na vituo vya kukusanyia maziwa ambako kompyuta iliyo chini ya meza ina folda ya `C:\Python27`, na aliyeandika programu alishahama mkoa. Programu inafanya kazi, ndiyo maana hakuna anayeigusa. Siku mashine ikifa wananunua nyingine, fundi anaweka Python ya kisasa, na hakuna kinachofunguka.

Mfano wangu humu ni programu ya mikopo ya SACCOS, kwa sababu ndizo ninazokutana nazo zaidi na ndizo zenye mitego mingi. Kama yako ni ya kitu kingine, mambo ni yaleyale.

Jambo moja lishike mapema. Uhamisho huu una makosa ya aina mbili: yanayopiga kelele na yanayonyamaza. `print "Karibu"` bila mabano itakataa kufunguka papo hapo, utairekebisha kwa sekunde mbili na utasahau. Hilo si tatizo. Tatizo ni mstari unaokubali kwa Python zote mbili lakini unatoa majibu tofauti, nawe huna habari mpaka mwanachama aje dirishani na daftari lake. Miongozo mingi inatumia kurasa tano kwa `print` na aya moja kwa kugawanya. Mimi nitageuza.

Kwanza, pata majibu ya zamani

Usiguse mstari hata mmoja kabla hujawa na majibu ya programu ya zamani mkononi. Chukua mwezi ambao mhasibu ameshaufunga na kuukubali. Nakili folda nzima, pamoja na data, kwenye kompyuta yako. Weka Python 2.7.18 (bado inapatikana kwenye tovuti ya python.org), endesha ripoti zote za mwezi ule, na uhifadhi kila kinachotoka kama faili la maandishi: ratiba za marejesho, orodha ya wadaiwa, salio la hisa, risiti. Hilo faili ndilo shahidi wako. Baadaye utalilinganisha na majibu ya Python 3, kwa `fc` ukiwa Windows au `diff` ukiwa Linux, na kila tofauti itabidi uwe na maelezo yake.

Ukiwa bado kwenye Python 2, endesha programu hivi:

```
C:\Python27\python.exe -3 mikopo.py
```

Hiyo `-3` inaifanya Python ya zamani ikuonye yenyewe kuhusu mambo yatakayobadilika, ikiwemo kila inapogawanya namba nzima kwa namba nzima. Utaona `classic int division` na namba ya mstari. Onyo linatoka tu pale mstari unapopitiwa, kwa hiyo bonyeza kila kitu: fungua menyu zote, toa ripoti zote, hata ile ya mwisho wa mwaka. Andika namba za mistari pembeni.

Acha chombo kifanye kazi ya punda

Mabadiliko ya kuandika tu, yaani `print`, `except Kosa, e`, `has_key`, `xrange`, `urllib2` na wenzao, usiyafanye kwa mkono. Kuna `2to3`:

```
2to3 -w -n folda_ya_programu
```

Angalizo: `2to3` iliondolewa kwenye Python 3.13. Weka 3.12 kwenye mashine yako ya kazi kwa ajili ya shughuli hii, kisha programu ikishakaa sawa uiendeshe kwa toleo lolote jipya. Na kama ofisi bado ina Windows 7, Python 3.8 ndiyo ya mwisho kukubali kukaa humo, nayo imeshaacha kupokea marekebisho ya usalama. Hapo waambie ukweli kwamba mashine inabadilishwa pamoja na programu.

Weka msimbo kwenye Git (chombo cha kutunza kila hatua ya mabadiliko) kabla ya kuendesha `2to3`, halafu soma ilichobadilisha, mstari kwa mstari. Pahali pa kukodolea macho ni `input`. Kwenye Python 2, `input()` ilikuwa inachukua alichoandika karani na kukitekeleza kama msimbo, kwa hiyo akiandika 3 unapata namba 3. Chombo kinaibadilisha kuwa `eval(input(...))` ili tabia ibaki ileile. Futa hiyo `eval` yote na uweke `int(input(...))`, maana hutaki mtu wa kaunta awe na uwezo wa kutekeleza msimbo kwenye kompyuta yenye akiba za watu. Ila usiishie kufuta `eval` peke yake. `input` ya Python 3 inarudisha maandishi, na maandishi `"3"` ukiyazidisha kwa 500 hupati 1500. Unapata tarakimu ya 3 iliyojirudia mara 500 kwa foleni. Nimewahi kuona risiti ya namna hiyo ikitoka kwenye printa. Karatasi iliendelea tu kutoka.

Namba zinazoanza na sifuri nazo ziangalie. Kwenye Python 2, `tawi = 010` maana yake ni 8, kwa sababu sifuri ya mbele ilifanya namba isomwe kwa mfumo wa nane. Chombo kitaandika `0o10`, ambayo bado ni 8. Usiharakishe "kusahihisha" kuwa 10! Kama tawi la kumi limekuwa likiandikwa 8 kwenye data kwa miaka, kwanza chungulia kumbukumbu, ubadilishe huko na huku kwa pamoja.

Kugawanya

Hapa ndipo penyewe, na `2to3` haikusaidii hata chembe. Tazama:

```python
mkopo = 500000
miezi = 12
rejesho = mkopo / miezi
baki = mkopo - rejesho * miezi
la_mwisho = rejesho + baki
print("%d kila mwezi, la mwisho %d" % (rejesho, la_mwisho))
```

Python 2 inatoa 41666 kila mwezi, na la mwisho 41674. Jumla ni 500,000 kamili, kwa sababu `/` ilikuwa inakata desimali na zile shilingi 8 zilizobaki zinapachikwa mwezi wa mwisho. Python 3 inagawanya kikweli: `rejesho` inakuwa 41666.666666666664, `baki` inakuwa sifuri, na `%d` inakata desimali wakati wa kuchapa. Ratiba inasoma 41666 mara kumi na mbili. Jumla 499,992. Hakuna kosa lililotokea, hakuna onyo, na kila mkopo kama huu umepungua shilingi 8. Mkaguzi ataziona.

Dawa ni alama mbili, `//`, mahali pote ambapo mwandishi wa zamani alitegemea desimali zikatwe. Lakini usibadilishe zote kwa mkupuo, maana kuna mistari yenye sera ndani yake. Hii kwa mfano:

```python
faini = faini_ya_mwezi * (siku_alizochelewa / 30)
```

Aliyechelewa siku 45 kwenye Python 2 anatozwa mwezi mmoja. Kwenye Python 3 anatozwa mwezi mmoja na nusu. Je, chama kiliamua kutoza miezi iliyotimia tu, au ni mwandishi alighafilika na hakuna aliyegundua? Hilo si swali la fundi. Nenda kwa mhasibu, mwoneshe mfano wa mwanachama mmoja kwenye karatasi, na jibu lake liandike kama maelezo juu ya mstari huohuo. Nikipewa programu mpya kwa sasa, mazungumzo hayo na mhasibu huchukua muda mrefu kuliko kuandika msimbo, na sioni namna ya kuyakwepa.

Ndugu wa kugawanya ni `round`. Python 2 ilikadiria nusu kwenda juu: `round(2500.5)` ilikuwa 2501.0. Python 3 inapeleka nusu kwenye namba shufwa iliyo karibu, kwa hiyo jibu ni 2500, wakati `round(2501.5)` ni 2502. Wanatakwimu wanaipenda tabia hiyo. Wanachama hawaijui. Kwa hela tumia hii:

```python
from decimal import Decimal, ROUND_HALF_UP

def kadiria(n):
    return int(Decimal(str(n)).quantize(Decimal("1"), rounding=ROUND_HALF_UP))
```

Kulinganisha vitu visivyolingana

Python 2 ilikuwa na upole wa ajabu: ilikubali kulinganisha namba na maandishi, na siku zote maandishi yalishinda. Sasa fikiria data imesomwa kutoka faili la CSV (jedwali la maandishi lililotenganishwa kwa koma), ambako kila kitu ni maandishi, halafu kuna mstari `if safu[3] > 50000`. Sharti hilo lilikuwa kweli kwa kila mtu, hata mwenye salio la 200. Python 3 inagoma na kutoa `TypeError`. Ukiona kosa hilo, usikimbilie kulinyamazisha. Fuatilia ripoti ile imekuwa ikisema nini muda wote huo, na mtaarifu mwenye ofisi.

Kupanga orodha yenye `None`, yaani pasipo na thamani yoyote, nako kutagoma. Wasiolipa kitu walikuwa wanatangulia. Kuwarudisha mbele andika `key=lambda x: (x is not None, x or 0)`.

Majina ya watu

Wengi wetu tunaamini Kiswahili hakina shida ya herufi, kwa kuwa hatuna nukta juu wala mikia chini. Tuna ng'. Karani anaandika orodha kwenye Word, Word inageuza ' iliyonyooka kuwa ’ iliyopinda, na hiyo ya pili ni baiti tatu kwenye UTF-8, mfumo wa kisasa wa kuhifadhi herufi. Kwa Python 2, `ng’ombe` ina urefu wa 9. Ndiyo sababu kwenye ripoti za zamani safu ya kiasi inahama nafasi mbili kwenye kila mstari wa kina Ng’wandu, jambo ambalo huku Usukumani si dogo. Python 3 inahesabu 7 na safu zinanyooka zenyewe. Tofauti hiyo utaiona ukilinganisha na ripoti za zamani, na ni ya kufurahia.

Ila faili za zamani za Windows huwa hazikuandikwa kwa UTF-8. Ukifungua ukaambiwa `can't decode byte 0x92`, huyo ndiye ’ wa Windows. Soma faili mara moja kwa `encoding="cp1252"`, liandike upya kwa UTF-8, na kuanzia hapo taja usimbaji kila unapofungua faili, maana Windows ikiachwa iamue yenyewe mara nyingi inarudi kulekule. Kwa CSV acha `"rb"` na `"wb"`, andika hivi:

```python
open("wanachama.csv", "w", newline="", encoding="utf-8-sig")
```

Bila `newline=""` utapata mstari mtupu kati ya kila jina na jina, na bila `-sig` Excel inaweza kuonesha majina kama takataka. Printa ya risiti yenyewe inataka baiti, na zile za bei rahisi hazijui ’ kabisa. Kabla ya kutuma, pitisha `jina.replace("\u2019", "'")`, kisha `.encode("cp437", "replace")`.

Kama data imehifadhiwa kwa `pickle` (njia ya Python yenyewe ya kuhifadhi data kwenye faili), usijaribu ujanja mwingi. Itoe kwa Python 2 iwe maandishi ya JSON, isome kwa Python 3, basi. Maktaba za nje nazo kwa kifupi: PIL badala yake ni Pillow, MySQL-python badala yake ni mysqlclient. Iliyokosa mrithi, tafuta nyingine au iandike upya.

Kuhamia kwenyewe

Endesha programu zote mbili, ya zamani na mpya, mwezi mzima. Karani anaingiza data kwenye ya zamani kama kawaida, wewe jioni unanakili data na kuzalisha ripoti kwa mpya, unalinganisha. Siku ya kufunga mwezi ndiyo mtihani wenyewe, kwa sababu riba na faini hupita hapo. Usihamie katikati ya mwezi hata wakikubembeleza.

Baada ya hapo fungua Task Scheduler, mpangaji wa kazi za Windows, maana mara nyingi kuna kazi ya usiku, ya bakapu au ya kutuma ujumbe kwa wadaiwa, inayoelekea `C:\Python27\python.exe` moja kwa moja, na hakuna anayeikumbuka. Angalia pia faili za `.bat` kwenye desktop. Halafu usifute folda ya zamani. Ibadilishe jina iwe `C:\Python27_zamani` asubuhi ya siku ya kazi, ukiwa umekaa palepale ofisini, uone ni nani atakayelalamika kabla ya saa kumi.