Unaenda National Memorial Arboretum? Soma hii kwanza kabla hujapaki gari

Kama uko Uingereza, au unakuja kutembea, na umesikia watu wanaitaja National Memorial Arboretum, ile bustani ya kumbukumbu ya taifa iliyoko Alrewas kule Staffordshire, basi jambo la kwanza ujue sio makaburi. Hakuna aliyezikwa pale. Wengi hufika wakitegemea safu za misalaba myeupe halafu wanakuta miti, tena miti zaidi ya 25,000, na katikati yake mawe, kuta, sanamu na mabenchi, kumbukumbu karibu 400 zimetawanyika kwenye ekari 150. Ekari 150 wewe! Ukiingia kichwa kichwa utatembea mpaka miguu iwake moto na jioni mtu akikuuliza umeona nini utabaki unasema "mawe mengi".

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, usijaribu kuziona zote. Chagua nne au tano, zijue hadithi zake ukiwa bado nyumbani, na hizo nyingine utakutana nazo njiani zenyewe. Na kwenye hizo tano usichukue za wanajeshi tupu, maana pale raia nao wana sehemu yao kubwa na kwangu mimi ndo sehemu tamu zaidi, nitafika huko.

Kufika. Kwa gari ni rahisi, iko pembeni ya barabara ya A38 kati ya Lichfield na Burton, fuata vile vibao vya kahawia. Kuingia bure, kupaki unalipia. Kwa treni shuka Lichfield, kutoka Birmingham New Street zipo za moja kwa moja, na za kutoka London Euston zinasimama Lichfield Trent Valley, halafu zinabaki kama maili 6 za basi au teksi. Ramani ya simu itakuonyesha reli inapita hapo hapo Alrewas, usidanganyike, treni ya abiria haisimami.

Muda. Fika wanapofungua, saa 4 asubuhi kwa hesabu yetu (simu yako itakuwa inasoma 10:00). Mbona mapema hivyo? Kwa sababu saa 5 kamili, kila siku na sio Novemba peke yake, wanafanya kumbukumbu fupi kwenye kanisa dogo la mbao lililo karibu na mlangoni, Millennium Chapel of Peace and Forgiveness, tarumbeta inapigwa, dakika mbili kimya, tarumbeta tena. Ukianza na hiyo mwendo wako wa siku nzima unabadilika, unaacha haraka za barabarani. Zima simu kabisa, kuitoa sauti tu haitoshi, ile mitetemo kwenye kiti cha mbao inasikika chumba kizima.

Ukitoka hapo panda kwenye Armed Forces Memorial, huwezi kuikosa, ni duara kubwa la mawe meupe ya Portland juu ya kilima cha kutengenezwa. Aliyelichora ni Liam O'Connor na lilizinduliwa 12 Oktoba 2007 mbele ya Malkia Elizabeth. Ndani kuna majina zaidi ya 16,000 ya askari wa Uingereza waliofia kazini au kuuawa na magaidi tangu 1948, yaani hawa ni wa baada ya vita kuu zote mbili, wa Korea, Falklands, Ireland ya Kaskazini, Iraq, Afghanistan, na wengine wengi wa mafunzoni tu ambao hakuna gazeti lililowaandika. Sasa hapa kuna ujanja wa kujua. Majina hayaendi kwa alfabeti kutoka mwanzo wa ukuta hadi mwisho, yamepangwa kwa mwaka na ndani ya mwaka kwa jeshi, la majini, la nchi kavu, la anga. Kama unamtafuta mtu fulani, ndugu wa rafiki yako au mzazi wa mtu unayefanya naye kazi, hakikisha unajua mwaka. Orodha yote iko kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, itafute ukiwa nyumbani, andika pembeni, la sivyo utazunguka ukutani kama unatafuta jina lako kwenye matokeo ya mtihani.

Ukishasoma majina, angalia na pale pasipo majina. Wameacha ukuta mtupu wa kutosha maelfu ya watu wengine. Yaani nafasi imeshaachwa, inasubiri, na wenye nafasi hizo saa hizi wako hai wanakunywa chai mahali, wengine hata hawajazaliwa. Watu wengi wanapita hapo bila kuona, wanakimbilia sanamu za shaba za Ian Rank-Broadley (ambazo nazo ni nzuri, ile ya majeruhi aliyeinuliwa kwenye machela izunguke pande zote usiiangalie mbele tu). Kuna na upenyo kwenye ukuta, umekatwa kwa hesabu kiasi kwamba tarehe 11 Novemba saa 5 asubuhi jua likiwaka mwanga unapita pale na kugusa shada la katikati. Ukitaka kuliona hilo ujiandae kwa umati, ndo siku yao kubwa. Mimi ningeenda siku ya kawaida ya katikati ya wiki.

Baada ya hapo watu hugawanyika, wengine kafe, wengine mbele. Kama mna mzee au mtu mwenye shida ya miguu kuna kitreni cha matairi kinachozunguka bustani na maelezo yake, unakata tiketi, na viti vya magurudumu vipo lakini piga simu mapema wakuwekee. Usione aibu kupanda kitreni hata kama una miguu mizima, panda kwanza upate picha ya eneo lote halafu rudi kwa mguu pale palipokuvutia.

Ya mbali kabisa, upande wa mashariki, ni Shot at Dawn. Usiiache kwa sababu ya umbali. Ni sanamu nyeupe ya kijana amefungwa kitambaa machoni, mikono nyuma, amesimama akisubiri risasi, na nyuma yake vigingi vya mbao zaidi ya 300, kila kimoja na jina. Hao ni askari wa Uingereza na makoloni yake waliopigwa risasi na jeshi lao wenyewe kwenye Vita vya Kwanza, wengi kwa kosa la kutoroka au woga, na wengi wao leo daktari angesema akili imeumizwa na mabomu. Sanamu ilichongwa na Andy DeComyn kwa mfano wa Herbert Burden, kijana aliyedanganya umri ili aandikishwe na akauawa Ypres, Ubelgiji, mwaka 1915 akiwa na miaka 17. Msamaha wa serikali ulikuja 2006, miaka tisini baadaye. Wameiweka mashariki makusudi, alfajiri mwanga unaanzia hapo. Pale usipige selfi, nakuomba. Pita kigingi kwa kigingi usome majina na umri, na ukiona kimeandikwa umri haujulikani simama kidogo, maana hata hilo jeshi halikujua limemuua mtu wa miaka mingapi. Na kama una watoto wadogo wape maelezo kabla hamjafika, watauliza tu kwa nini wenzake ndo wamempiga, na kutafuta jibu mbele ya sanamu ni kazi.

Haya, raia sasa. Bevin Boys unawajua? Vita ya pili ilipofika 1943 Uingereza iliishiwa wachimba makaa ya mawe, serikali ikaanza kupiga kura, wanachomoa tarakimu kwenye kofia, kijana aliyeitwa jeshini namba yake ikiishia na tarakimu hiyo anapelekwa mgodini badala ya vitani, atake asitake. Hawakuwa na sare, barabarani watu waliwaita waoga, vita ikaisha hakuna medali. Kumbukumbu yao pale ni mawe tu, ndogo, ilizinduliwa 2013, yaani zaidi ya miaka sitini baadaye, wengine wakiwa wameshakufa. Karibu na habari hizo hizo tafuta ya Women's Land Army, wale wasichana waliolima nchi ikapata chakula wanaume wakiwa vitani.

Halafu kuna msitu wa Merchant Navy, huu ndo watu wanaupita wakidhani ni miti tu. Ni mialoni 2,535, mti mmoja kwa kila meli ya mizigo ya Uingereza iliyozamishwa Vita vya Pili. Mabaharia wale hawakuwa wanajeshi, walikuwa wanaleta ngano na mafuta. Hakuna sanamu ya kukuelekeza uhisi nini, wewe ingia katikati ya miti utembee dakika kumi hivi bila kufika mwisho, hesabu itakuingia yenyewe.

Polisi wana yao kubwa ya shaba ya njano, mita 12 kwenda juu, imetobolewa matundu ya umbo la majani. Ilizinduliwa Julai 2021 na Charles akiwa bado mwana mfalme, siku ya mvua, na ndo siku ile Boris Johnson, waziri mkuu wa wakati huo, alipopigana na mwavuli wake mpaka ukageuka ndani nje na Charles akashindwa kujizuia kucheka. Nacheka nami lakini somo lipo, mvua ya pale inakuja na upepo, eneo liko wazi, beba koti la mvua, mwavuli uache garini.

Na sisi wa Kiswahili tuna sababu ya kwenda upande wa vita vya Mashariki ya Mbali. Kuna jengo la wafungwa wa vita waliokuwa mikononi mwa Wajapani, na nje kuna kipande cha reli halisi ya Burma, ile iliyojengwa na wafungwa wakifa njaa na malaria. Tarehe 15 Agosti 2025 ibada ya kitaifa ya miaka 80 ya ushindi dhidi ya Japani ilifanyika kwenye bustani hii, Mfalme Charles akiwepo. Ukisimama hapo kumbuka kwamba Keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) nao walikuwa Burma, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ndiyo iliyoteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 kwenye mvua za masika ya kule, matope kiunoni, ikiwafukuza Wajapani mpaka mto Chindwin. Kama kwenu kuna babu alikuwemo, waulize wakubwa jina na namba yake kabla hujaenda.

Viatu visivyopitisha maji, hilo sio la hiari. Zamani eneo lote lilikuwa machimbo ya kokoto, miti imeanza kupandwa 1997 na bustani ikafunguliwa 2001, kwa hiyo bado ni michanga, kivuli cha kiangazi hakitoshi na upepo wa baridi haukatwi. Tena mto Tame na mto Trent vinakutana hapo hapo, wakati wa baridi maji yanapanda na njia za chini zinafungwa, kwa hiyo asubuhi kabla ya kutoka chungulia tovuti yao wameandika nini. Krismasi wamefunga.

Maua na misalaba midogo ya mbao inaruhusiwa kuwekwa kwenye kumbukumbu, ya mtu mwingine usiiguse wala kuisogeza ili picha yako itoke vizuri. Ukimkuta mtu amesimama peke yake mbele ya jina moja muda mrefu, pita kwa nyuma, utarudi baadaye. Wale wazee wa kujitolea wenye beji, ongea nao, baadhi yao walitumikia wenyewe, muulize tu "yako ni ipi hapa?" halafu umwache aongee. Na kama umekuja kwa basi angalia ratiba ya kurudi ukiwa bado kafe na chai yako, sio ukiwa Shot at Dawn, maana kutoka kule mpaka getini ni mwendo.