SOMO: Kuondoa barafu kwenye ndege kabla ya kuruka (soma kabla hujauliza)

Wakuu, baridi ikianza tu swali ni lilelile: "Theluji yenyewe kidogo, si itapeperuka ndege ikishika kasi?" Haipeperuki. Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Kanuni ni moja. Ndege hairuki ikiwa na jalidi (unyevu ulioganda), theluji au barafu iliyoshikamana na mabawa, mkia, propela au midomo ya injini. Utando wenye ukwaruzo kama msasa juu ya bawa unaweza kupunguza nguvu ya kunyanyua kwa asilimia 30 na kuongeza ukinzani wa hewa kwa asilimia 40. Machi 1989 kule Dryden, Kanada, ndege ya abiria aina ya Fokker F28 iliondoka na theluji mabawani. Ilikuwa na watu 69, wakafa 24.

1. Izunguke ndege yote. Usisahau mkia kwa sababu uko juu.

2. Theluji kavu isiyoshika, ifagie kwa brashi laini au ipulize. Ukiimwagia dawa ya moto ya kuondoa barafu unatengeneza maji yatakayoganda.

3. Ongea na rubani kabla ya kufungua bomba: breki zimefungwa, flapi (vibao vinavyosogea vya bawa) ziko mahali mtengenezaji anapotaka, mfumo wa hewa ya ndani umezimwa. Usipozimwa, abiria watavuta mvuke wa glaikoli, kemikali iliyo ndani ya dawa.

4. Pima dawa. Aina ya I, ile ya rangi ya chungwa, hupashwa moto na itoke kwenye bomba ikiwa na nyuzi 60 au zaidi. Kiwango chake cha kuganda kiwe chini ya joto la nje kwa nyuzi 10 au zaidi. Tumia rifraktomita, kifaa cha kupima ukali wa mchanganyiko. Rangi inakuambia aina tu, haikuambii imechanganywa na maji kiasi gani.

5. Nyunyiza bawa kutoka ukingo wa mbele kwenda nyuma, na pande zote mbili sawasawa hata kama barafu iko upande mmoja. Usielekeze bomba moja kwa moja kwenye mirija ya pito (inayopima mwendo wa ndege), matundu ya kupimia hewa, vioo, midomo ya injini wala breki zenye joto.

6. GUSA BAWA. Hapa ndipo kazi inapoharibika, na inaharibika mikononi mwa watu wazoefu. Ndege ikitoka safari ndefu, mafuta yaliyobaki kwenye matangi ya mabawa yanakuwa baridi kupita kiasi. Mvua au unyevu ukitua juu ya bawa hilo unaganda hata kama hewa ya nje haijafika sifuri. Barafu hiyo ni angavu kama kioo. Ukisimama kwenye kikapu cha lori na taa yako unaona rangi ya bawa ikimetameta, unadhani ni maji au dawa. Hutaiona. Utaihisi kwa kiganja tu, hasa karibu na shina la bawa, juu ya tangi. Kama glavu yako ni nene, badilisha.

Tarehe 27 Desemba 1991, ndege aina ya MD-81 ya SAS, shirika la ndege la Skandinavia, iliondoka Stockholm ikiwa imeshanyunyiziwa dawa. Barafu angavu ilibaki mabawani, ikabanduka wakati wa kuruka na kuingia kwenye injini zote mbili zilizo nyuma. Zote zikazimika. Ndege ilitua shambani huko Gottröra, na watu wote 129 wakapona. Dawa ilipita, barafu ikabaki. Kwa hiyo usiniambie "tumeshanyunyiza". Niambie umegusa.

7. Kama bado kunanyesha theluji, weka kinga: Aina ya IV, ya kijani, nzito. Iwekwe kabla dawa ya kwanza haijaganda, kwa kawaida ndani ya dakika 3. Muda wa kinga, yaani muda ambao dawa inazuia barafu mpya, unahesabiwa tangu *unapoanza* kunyunyiza mara ya mwisho, si unapomaliza.

8. Mpe rubani aina ya dawa, mchanganyiko, saa ya kuanza, na uthibitisho kwamba ukaguzi umefanyika.

---

Mpita_Njia: Mkuu sijasoma yote, ni ndefu. Maji ya moto peke yake si yanatosha?

Mtoa somo: Hayatoshi, yataganda. Soma hatua ya 4 na ya 7.

Mwanagenzi: Shikamoo mwalimu. Kama glaikoli ndiyo inazuia kuganda, kwa nini tusiiweke tupu bila maji?

Mtoa somo: Marahaba, swali zuri sana. Ethilini glaikoli tupu huganda kwenye nyuzi 13 hivi chini ya sifuri. Ikichanganywa na maji kwa kipimo sahihi inashuka hadi chini ya nyuzi 40 chini ya sifuri, kwa sababu molekuli za kila kimoja zinazuia kingine kujipanga kuwa fuwele. Kwa hiyo kuongeza dawa si lazima kuongeze usalama. Na uwe mwangalifu: ina ladha tamu, lakini ni sumu.

Kapteni_Mtarajiwa: Unatisha watu. Mbona ndege zinaruka na jalidi chini ya bawa?

Mtoa somo: Chini, eneo la tangi, watengenezaji wengi wanaruhusu utando mwembamba, mara nyingi hadi milimita 3. Juu ya bawa ni habari nyingine. Fungua kitabu cha ndege yako kabla ya kubishana.

Mpita_Njia: Muda wa kinga ukiisha naongeza ya kijani juu yake?

Mtoa somo: Hapana. Anza upya na dawa ya moto, kisha kinga.

Fundi_wa_Hanga: Naongezea. Dawa nzito ikikauka inabaki unga kwenye mianya ya usukani (vibao vinavyoongoza ndege) wa mabawa na mkia. Ikipata unyevu inavimba kama ute, halafu inaganda angani na usukani unakuwa mzito. Kagua na osha mara kwa mara.

Mtoa somo: Asante fundi, hilo lingestahili hatua yake. Ulaini wa ute unadanganya, utie kidole ndani ya mwanya.

Mwanagenzi: Na ndege ikilala nje usiku mzima?

Fundi_wa_Hanga: Toa maji kwenye matangi ya kunywa na ya choo, funika injini na mirija ya pito. Asubuhi zungusha feni ya injini kwa mkono kabla ya kuwasha, maana maji hujikusanya chini na kugandisha ncha za mapanga. Ikigoma, usilazimishe. Leta hewa ya moto.

Mwanagenzi: Na matairi yakishikana na ardhi?

Fundi_wa_Hanga: Hewa ya moto vilevile. Usivute kwa trekta.