Kabla Hujavunja Kufuli la Kitabu Ulichonunua

Anza na risiti. Softikopi yenye kufuli la DRM (teknolojia inayozuia kitabu kunakiliwa au kusomwa nje ya kifaa au programu iliyoruhusiwa) ama umeinunua, ama umeiazima maktaba kupitia programu kama Libby, ama unaisoma kwa ada ya mwezi kama Kindle Unlimited ya Amazon. Hizo mbili za mwisho hazina mjadala: ulichopewa ni muda, na anayevunja kufuli ili abaki na kitabu muda ukiisha ameiba. Yanayofuata yanahusu kitabu ulichokilipia bei yake.

Halafu hakikisha kufuli lipo kweli. Chukua nakala ya faili ya EPUB (aina ya faili inayotumika sana kwa vitabu vya kielektroniki), badilisha herufi za mwisho kutoka .epub kuwa .zip, ifungue, uingie folda ya META-INF. Usipokuta encryption.xml, hakuna kufuli. Ukiikuta, usiishie hapo. Ifungue kwa programu yoyote ya maandishi uone inataja nini. Ikitaja fonti tu (.ttf au .otf), maandishi yako huru. Ikitaja faili za sura zenyewe, za .xhtml au .html, hilo ndilo kufuli. Na kama ulichopakua kinaishia na .acsm, hicho si kitabu bado. Ni tiketi ndogo ambayo Adobe Digital Editions huitumia kukivuta kitabu. Kuna watu wametunza tiketi hizo miaka wakidhani wametunza maktaba.

Malalamiko ya wanunuzi yana msingi. Julai 2009 Amazon ilifuta nakala za vitabu viwili vya George Orwell kutoka kwenye Kindle, vifaa vyake vya kusomea, za watu waliokwisha kulipa, kwa kuwa aliyeviweka sokoni hakuwa na haki navyo. Mwaka 2019 Microsoft ilifunga duka lake la vitabu. Fedha zilirudishwa, vitabu vikazimika. Tarehe 26 Februari 2025 Amazon iliondoa njia ya kupakua vitabu kwenye kompyuta na kuvihamisha kwa waya wa USB. Kitufe kinasema «nunua», masharti yanasema leseni.

Lakini sheria haiangalii kinyongo chako. DMCA, sheria ya hakimiliki ya kidijitali ya Marekani ya 1998, maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya 2001 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 zote zinagusa kitendo chenyewe cha kukwepa kufuli, si kugawa nakala peke yake. Mtu anaweza asimdhulumu mwandishi hata senti na bado akawa upande mbaya wa sheria. Mlango ulio wazi zaidi ni wa wasioona na wengine wasioweza kusoma chapa ya kawaida: Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unazitaka nchi wanachama zihakikishe kufuli haliwazuii kupata haki waliyopewa. Kenya, Uganda na Tanzania zimejiunga.

Kwa hiyo jaribu kwanza njia zisizovunja kitu. Tafuta toleo lisilo na kufuli: duka la Kobo huandika «DRM-Free» (bila kufuli) kwenye maelezo chini ya ukurasa wa kitabu, na Tor, wachapishaji wa hadithi za kubuni za kisayansi, wanauza bila kufuli tangu 2012. Likikosekana, mwandikie mchapishaji. Taja namba ya oda, tarehe, kifaa ulichonacho na aina ya faili unayohitaji. Barua ya «naomba softikopi» isiyo na risiti haijibiwi, na si ajabu.

Ukibaki na swali la haki tupu, lipime hivi: nakala mpya inamfuata msomaji yuleyule aliyelipa, au inazaa msomaji mwingine? Kuhamia simu mpya, kukuza maandishi kwa ajili ya macho, kuweka akiba duka lisije likafungwa: hapo mwandishi hapotezi kitu. Kutupia kwenye kundi la WhatsApp lenye watu 200 ni jambo jingine kabisa. Wengi hujitetea kwamba kitabu cha karatasi huazimishwa. Ni kweli, ila cha karatasi kikitoka huacha pengo kwenye rafu yako mpaka kirudi. Softikopi haiachi pengo. Mume na mke wanaosomea kwenye kifaa kimoja hawatusumbui. Anayeuza nakala na kubaki na yake hana la kujitetea.

Vitabu vingine havina kufuli bali vimeandikwa ndani jina au baruapepe ya mnunuzi. Usiviguse. Alama hiyo haikuzuii kusoma popote, na anayeifuta kwa kawaida anajiandaa kugawa.

Vile visivyo na kufuli vihifadhi sehemu tatu: kompyuta, diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni isiyo na linki ya kila mtu. EPUB ya maandishi matupu kwa kawaida haizidi megabaiti chache, hivyo flashi ya GB 16 inameza maelfu ya vitabu. Flashi isiwe hifadhi yako pekee, maana hufa bila kuaga. Kila baada ya miezi sita fungua vitabu vitatu au vinne kutoka kila hifadhi, uende hadi sura ya mwisho. Faili iliyokatika wakati wa kunakili mara nyingi huonyesha jalada vizuri tu.