Kabla ya kununua viriba vya miche: namna ya kupanga mradi wa kurudisha mikoko

Kila masika yakikaribia napigiwa simu ya aina moja: "Kaka, tuna fedha kidogo hapa, tunataka kupanda miche elfu kumi ya mikoko. Tunaipata wapi?" Nami huuliza: hapo mnapotaka kupanda, mikoko iliyokuwepo ilikufa kwa nini? Hapo ndipo simu inapokuwa kimya.

Nafanya kazi hii pwani ya Tanga. Mwongozo huu ni wa kikundi cha kijiji, BMU (kikundi cha wanakijiji kinachosimamia uvuvi na ufukwe), au afisa wa halmashauri aliyekabidhiwa eneo lililoharibika na kuambiwa "andika mradi". Mfano nitakaoutumia ni shamba la chumvi lililoachwa, kwa sababu ndilo linalowababaisha wengi.

Hatua ya 1: Tafuta kilichoua

Tembea eneo zima maji yakiwa yametoka, kisha urudi yakiwa yamejaa. Ukikuta visiki vya panga na shoka, na maji yanaingia na kutoka kama kawaida, tatizo lako ni watu na mahitaji yao: boriti, kuni za kuchemshia dagaa, tanuri la chokaa. Ukikuta miti imekauka ikiwa imesimama, tatizo ni maji. Ama yamezibwa yasiingie, ama yameingia yakakosa njia ya kutoka.

Halafu uliza wanaoshinda matopeni. Mimi niliwahi kuzunguka wiki mbili na daftari, nikipima hiki na kile, mpaka bibi mmoja aliyekuwa anaokota kombe akanihurumia. "Mwanangu, unatafuta nini? Hapa palikuwa na mkono wa bahari, tunapita na mtumbwi. Walipopiga tuta la chumvi, mkono ukafa, na miti ikaufuata." Akanionyesha kwa kidole ulikopita. Kwenye mpango wangu ule mstari wa kidole chake ndio uliokuja kuwa mchoro wa mfereji.

Hatua ya 2: Soma maji

Hapa usiwe na haraka. Mikoko haimei popote penye tope la bahari. Inataka nusu ya juu ya pwani, yaani kuanzia usawa wa kati wa bahari hadi pale bamvua kubwa, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, linapofika. Chini ya hapo mche unazama muda mrefu mno kila siku. Kwetu Tanga, maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo tofauti ya nusu mita tu ya ardhi inatosha kukuhamisha kutoka mahali pa mti mmoja hadi mahali pa mti mwingine, au mahali pasipo na mti kabisa.

Nayajua hayo kwa aibu. Mradi wangu wa kwanza tulipanda kwenye ufukwe mpana ulio wazi mbele ya msitu, kwa sababu palikuwa peupe, hapana mgogoro na mtu, na picha zilitoka vizuri. Mistari imenyooka kama ya mkonge. Kusi ilipovuma, nusu ya miche iling'oka. Iliyobaki ilivaa vile vigamba vikali vinavyoganda matumboni mwa mashua, ikainama, ikafa. Mzee mmoja mvuvi alikuwa ametuangalia siku ile tukipanda. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakutuambia, akasema, "Mlikuja na wageni, tukaona haya."

Kupima hakuhitaji mitambo. Chukua vigingi kumi, uvipake chaki ya shule kuanzia chini hadi juu. Vitano vikite ndani ya msitu mzima ulio jirani, kimoja chini ya kila aina ya mti. Vitano kwenye eneo lako. Fanya hivyo siku ya bamvua, kabla maji hayajaanza kujaa. Yakishatoka, utaona chaki imeoshwa hadi kimo fulani. Pima kutoka ardhini hadi hapo. Kama chini ya mkandaa, aina mojawapo ya mikoko, maji yalifika sentimita 40, na kwenye eneo lako yamefika 90, basi ardhi yako iko chini kwa sentimita 50 na mkandaa usahau. Ndani ya tuta, ambako maji hayafiki, tumia mpira wa maji wa fundi ujenzi, ule wa kupimia leveli ya msingi. Mafundi wawili na mpira wa mita 20 watakumalizia kazi asubuhi moja.

Hatua ya 3: Chora msitu wa mfano

Huo msitu jirani ndio mwalimu wako. Andika nani anakaa wapi. Kwa kawaida, katika aina za mikoko, mlilana unaikabili bahari, ule unaoitwa mkoko wenyewe unafuata mikono ya maji, mkandaa na msinzi viko nyuma, na mchu utauona huku mbele na kule nyuma kabisa penye chumvi kali. Malengo ya mradi yatoke hapa. "Kurudisha mkandaa na mchu kwenye hekta mbili" ni lengo. "Kupanda miche 10,000" ni manunuzi.

Hatua ya 4: Ruhusa

Mikoko ya Tanzania Bara ni msitu wa hifadhi chini ya Serikali, kwa hiyo anza na TFS, wakala wa Serikali wa huduma za misitu. Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa 2009, nayo imeshika sehemu kubwa ya pwani kutoka Tanga kwenda Pangani. Ukiwa ndani yake, bisha hodi huko pia. Muone afisa mazingira wa halmashauri, kisha upeleke jambo mkutano mkuu wa kijiji na muhtasari uandikwe. Mwenye shamba la chumvi, hata kama ameliacha miaka mingi, mtafute. Siku utakapovunja tuta atatokea.

Hatua ya 5: Fungua maji

Usibomoe tuta lote. Lifungue pale mkono wa zamani ulipopita, na pale tu. Tundu likiwa jembamba mno, maji yatapita kwa kasi na kuchimba. Kwa hiyo pima upana wa mkono kama huo kwenye msitu wa mfano, uuige. Chimbeni wakati wa maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana, kwa majembe na sepetu, na hela ya vibarua ibaki kijijini. Ardhi ya shamba la chumvi huwa imekaza na nyeupe. Acha bamvua ziioshe.

Hatua ya 6: Ngoja

Wafadhili hawaipendi hatua hii. Sisi watu wa Tanga tuna msemo wetu, waja leo waondoka leo, na miradi mingi ndivyo ilivyo. Lakini maji yakirudi, mbegu huja nayo bila malipo. Ngoja msimu mzima wa mbegu. Machipukizi yakijitokeza yenyewe, huna haja ya kitalu. Yasipofika, na msitu wenye mbegu uko mbali, hapo panda: chuma mbegu za mkoko ambazo shingo zake zimeanza kuwa za njano, uzichomeke theluthi moja matopeni, usizizike.

Mbuzi na ng'ombe wanapenda majani ya mchu kuliko unavyodhani. Kubalianeni nao, yaani na wenye mifugo, mapema.

Hatua ya 7: Bajeti na ufuatiliaji

Mtu atakuja na habari za kuuza hewa ukaa, yaani kulipwa kwa sababu msitu wenu unaifyonza na kuihifadhi. Ni kweli, Gazi huko Kwale, Kenya, wanauza tangu 2013, lakini wana hekta 117 na wanasayansi waliokaa nao miaka mingi kabla ya hapo. Usiiweke kwenye bajeti ya mwaka wa kwanza.

Weka badala yake posho ya walinzi, hela ya kupanda mivinje kijijini ili watu wapate nguzo na kuni, na fedha za ufuatiliaji wa miaka 5. Kita vigingi vya pembe kwa viwanja vya mita 5 kwa 5, uhesabu miche iliyo hai baada ya miezi 3, 6, 12, kisha kila mwaka. Picha ipigwe kutoka kigingi kilekile, kuelekea upande uleule, maji yakiwa yametoka. Daftari moja likae ofisini kwa kijiji, jingine kwa akina mama wa kombe. La kwao ndilo halipotei.