Skonzi za matunda juu ya sigiri

Hapa Jinja ukimtuma mtoto dukani akuletee skonzi, atarudi na kimkate cha mviringo kilichoumuliwa kwa hamira. Kitamu, lakini sicho ninachokisema. Skonzi yangu huumuka kwa beking poda, hupasuka ubavuni yenyewe, na ukiivunja ikiwa moto unakutana na kipande cha nanasi.

Nimekulia kambini, watoto wa makabila yote tukisema Kiswahili, na mama alikuwa mpishi hodari wa mandazi. Kwa hiyo skonzi zangu za kwanza nilizikanda kama andazi, dakika kumi nzima. Zilitoka ngumu, bapa, na nusu kilo ya unga ikapotea. Ngano ukiikanda inapata unato, yaani donge linavutika kama mpira. Kwenye chapati unato ndio tunaoutafuta. Kwenye skonzi ndio adui. Hilo ukilishika, mengine yote ni mepesi.

Chukua nusu kilo ya unga wa ngano, vijiko vitano vya chai vya beking poda, vijiko vinne vya chakula vya sukari, na chumvi kiasi cha kubana kwa vidole. Chekecha pamoja mara mbili. Kopo la beking poda likiwa limekaa sana, tia kijiko kimoja kwenye maji ya moto: isipotoa povu la nguvu, nunua jingine.

Majarini gramu 125, na iwe baridi. Mimi sina friji. Jioni nalizamisha kopo, limefungwa vizuri, kwenye bakuli la maji ya mtungi, halafu naoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kabla joto halijaingia jikoni. Ikate vipande vidogo, uvisugue ndani ya unga kwa ncha za vidole tu, kwa sababu kiganja kina joto na kitaiyeyusha. Inua unga juu, uache udondoke, sugua tena, mpaka ufanane na chenga za mkate. Ukiona punje chache za mafuta kubwa kama choroko, ziache. Zikiyeyuka motoni ndizo zinazoacha tabaka.

Matunda ni gramu 150. Zabibu kavu ni nzuri, lakini sisi tuna nanasi la Kayunga na sukali ndizi, zile ndizi ndogo tamu, na zote mbili hukaushwa juani zikauzwa. Zikate kwa mkasi ziwe kama zabibu, uziloweke dakika kumi kwenye chai ya rangi yenye moto, kisha uzikaushe kwa kitambaa na uzichanganye na ule unga. Nanasi bichi usitie. Maji yake yatafanya donge liwe uji.

Maziwa ni robo lita, yakamulie nusu limau uyaache dakika kumi yagande kidogo. Maziwa ya mgando, yale tunayoyaita bongo, yanafaa pia ukiyalegeza kwa maji. Mimina karibu yote kwa pamoja, koroga kwa kisu, ongeza yaliyobaki ikiwa bado kuna unga mkavu, na mara donge likishikana acha. Litakuwa na mabonge na litanata, ndivyo linavyotakiwa. Lipindue juu ya meza yenye unga, likunje mara mbili au tatu, libonyeze kwa mkono liwe nene kama sentimita mbili na nusu. Chovya mdomo wa glasi kwenye unga, kata kwa kushuka wima. Usizungushe glasi, kwa sababu ukizungusha unaziba kingo na skonzi inainuka upande mmoja. Paka maziwa juu tu, ubavuni yasichuruzike.

Usiyekuwa na oveni usikate tamaa. Kule Scotland ilikotoka, skonzi ya kale ilikuwa ya unga wa oti, ikiokwa juu ya bamba la chuma kama tunavyochoma chapati. Beking poda ilikuja baadaye: Alfred Bird wa Birmingham aliitengeneza mwaka 1843 kwa ajili ya mke wake, ambaye hamira ilikuwa ikimdhuru. Namkumbuka mama huyo kila ninapofungua kopo.

Sufuria kubwa ya chuma kizito, mwagia mchanga mkavu wa vidole viwili ndani yake, ifunike, weka juu ya sigiri dakika ishirini. Makaa mengi yapande juu ya mfuniko, chini yabaki machache. Nikiyagawa sawa huwa zinaungua tako na uso unabaki mweupe. Kupima moto, nyunyiza unga kwenye sahani ya bati uiweke ndani. Ukigeuka kahawia kwa dakika moja hivi, moto umefika. Panga skonzi kwenye sinia zikikaribiana, ili zisukumane kwenda juu, kisha iweke sinia juu ya mchanga na ufunike. Usifunue kabla ya dakika kumi na tano. Mara nyingi zangu huiva kwa dakika ishirini. Kwenye oveni ya nyuzi 220, kumi na mbili mpaka kumi na tano zinatosha.

Zitoe, zifunike kwa kitambaa safi zisikauke gamba. Nusu kilo hunipa kama kumi na nne. Tunazila asubuhi hiyohiyo na chai ya tangawizi, na zikilala, kesho yake nazipasua katikati nizikaushe kwenye kikaango kikavu, upande wa ndani chini, mpaka nanasi lianze kunukia.