Kuunda kikosi cha kujitolea cha kuzima moto kijijini, na kukifanya kifike kiangazi cha pili

Vijiji vingi vya wilaya za Bahi, Chamwino na Chemba, mkoani Dodoma, viko mbali na kituo cha zimamoto. Moto ukitokea, mtu mmoja apige 114 papo hapo, aeleze kijiji, kitongoji na njia inayopitika kwa gari. Wengine wasisubiri. Nyumba ya nyasi haingoji gari lililoko kwenye barabara ya vumbi.

Msianze na fulana wala michango. Anzeni na mkutano mkuu wa kijiji, na muhtasari utaje mambo matatu: kikosi kipo, kiongozi wake ni nani, na nani anaruhusiwa kuamuru paa livunjwe. Hilo la tatu husahaulika, kisha huleta kesi. Kuvunja paa la jirani ambalo halijashika ili moto usirukie huko ni kazi ya kawaida ya kikosi, lakini mwenye paa hataiona hivyo kesho yake. Mtendaji wa kijiji abaki na nakala. Ombeni mafunzo kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Lina sheria yake ya mwaka 2007, na kuelimisha wananchi ni sehemu ya kazi zake.

Watu 24 wanatosha, makundi matatu ya wanane kwa kufuata vitongoji. Msichague kwa misuli. Kijana wa bodaboda yuko barabarani kutwa, na mfugaji mwezi wa nane ameshafuata malisho. Chagueni wanaoshinda kijijini: mama lishe, fundi cherehani, mwenye duka, mwendesha mashine ya kusaga. Kengele iwe rimu ya gari iliyotundikwa mtini. Kama shule nayo inatumia rimu, tofautisheni mlio: mapigo ya haraka bila kupumzika, kisha moja, mawili au matatu kuonyesha kitongoji.

Sasa maji, ambayo huku kwetu ndiyo taabu yenyewe. Mvua ni za msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na moto mwingi huja Agosti hadi Novemba, kisima kikiwa kimeshuka. Tanki la lita 2,000 lijazwe Mei na lifungwe kufuli. Pigeni hesabu: mnyororo wa watu ukipitisha ndoo 10 kwa dakika, kila moja na lita 8, mnatumia lita 80 kwa dakika, na tanki linakwisha kwa dakika 25. Kwa hiyo maji si ya kumwaga ovyo kwenye ndimi kubwa za moto. Ni ya kulowesha nyumba ya pili na kuua makaa.

Ndoo ziwe za lita 10. Ya lita 20 humchosha mpitishaji kabla ya safari ya kumi. Kutoka tanki hadi nyumba mita 30, pangeni watu 20 wakipeana kwa mikono bila kutembea, na wachache upande wa pili wa kurudisha tupu. Mnyororo hukatika kwenye kurudisha, si kwenye kupeleka. Tupu zikirundikana mbele, mjazaji anabaki amesimama. Mkokoteni wa punda ubebe mapipa yaliyojaa na kufunikwa. Pipa la nusu huyumba na kupindua mkokoteni konani. Kama hakuna kifuniko, tandazeni matawi mabichi juu ya maji, yasimwagike.

Moto wa nyasi hauhitaji maji mengi, unahitaji vipigio. Chukua mpini wa mita 2 na kipande cha mpira wa madigadi ya lori, sentimita 30 kwa 40, ukifunge kwa bolti na nati. Misumari huchomoka mpira ukipata joto. Usipige kama unaua nyoka, maana cheche zitaruka nyuma yako. Bana, vuta kuelekea sehemu iliyokwisha kuungua, inua kidogo, bana tena. Gunia la katani lililoloweshwa linafaa. Kiroba cha salfeti huyeyuka na kumwunguza mshikaji. Ingieni kwa nyuma, mkanyage palipokwisha kuungua, mpande kwa pembeni mpaka kichwa cha moto. Asisimame mtu mbele yake wala juu ya kilima ambako moto unapanda. Viatu viwe vya kufunika mguu, kandambili zibaki nyumbani. Mwezi wa sita limeni barabara ya moto ya mita 5 kuzunguka makazi, mpaka udongo uonekane. Ikiachwa na mabua ya mtama yaliyolala, ni daraja la moto.

Kwenye nyumba, zimeni meni swichi kwanza. Paneli ya sola hutoa umeme wakati wote jua likiwaka hata betri ikifunguliwa, hivyo ifunikeni kwa turubai kabla ya mtu kugusa nyaya. Moto wa mtungi wa gesi huzimwa kwa kufunga koki. Isipofikika, lowesheni vilivyo jirani na kaeni mbali. Mkizima mwali huku gesi inatoka, mmetengeneza mlipuko. Karai la mafuta lifunikwe, maji ni marufuku. Tembe, nyumba ya paa bapa la udongo, lina hatari yake: udongo wa darini huzuia maji yasifike kwenye miti inayofukuta chini, na miti ikikatika paa lote zito hushuka kwa mkupuo. Hakuna kuingia kuokoa godoro.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida dakika 20, kisha zahanati. Dawa ya meno, yai na mafuta ya kula visiguse kidonda.

Kuondoka mapema ndiko hurudisha moto. Zizi la ng'ombe ndilo baya kuliko yote: samadi huungua chinichini siku kadhaa bila moshi wa kuonekana, kisha upepo wa mchana huufufua. Sogezeni mgongo wa kiganja karibu na ardhi, pakiwa na joto fukueni kwa chepe, mchanganye na maji mpaka iwe tope. Visiki na magogo yenye uwazi vivyo hivyo. Wawili walinde usiku kucha.

Vikosi vingi hufa miezi isiyo na moto. Ndoo huazimwa harusini, tanki hunywewa Oktoba, bomba la kupulizia la mgongoni, la lita 16, hurudi likinuka dawa ya shambani. Pakeni ndoo rangi nyekundu na mzitoboe matundu mawili karibu na ukingo, ili zisifae kwa pombe wala kwa maji ya kunywa. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi fungueni kufuli, hesabuni, endesheni bomba dakika tano (mpira wa ndani ukikauka hupasuka), halafu andikeni daftarini. Kila moto uwe na mstari wake: saa ya taarifa, saa ya kufika, chanzo, upepo ulikotoka, ndoo zilizotumika, kilichokosekana. Baada ya viangazi viwili daftari hilo litawaonyesha kama adui wenu ni mrina asali, tanuri la mkaa au mabiwi ya Novemba, na tanki la pili mliweke kitongoji gani.