ZZ yako inakufa kwa maji, siyo kwa kiu

Nianze na hili kabisa, maana kila nikienda kwa watu huku Tanga, iwe Ngamiani iwe Chumbageni, nakuta ZZ, huu mmea wa kupamba ndani, imekuwa ya njano na mwenyewe ananiambia mbona namwagilia kila asubuhi. Ndo hapo hapo penye tatizo.

Ya kwangu ya kwanza ilikufa hivyo hivyo. Nilipewa na shangazi ikiwa na mashina manne yanang'aa kama yamepakwa mafuta, nikaiweka barazani nikawa naimwagia kikombe kila nikimaliza kufagia, na masika nayo inapiga, wiki ya tatu nikashika shina likang'oka lenyewe, chini limelainika kama ndizi iliyooza na harufu yake usiseme. Iliniuma sana.

Ukiifukua utaelewa. Chini ina viazi kama magimbi madogo, na kweli ni ukoo mmoja na magimbi. Maji yake inatunza humo na kwenye yale mashina manene, ndo maana inakaa mwezi mzima bila tone. Na jamani hii siyo mgeni, watu wanaiona dukani kwenye chungu cha kauri wanadhani imetoka Ulaya, kumbe asili yake ni upande huu huu wetu, kuanzia Kenya inashuka Tanzania mpaka Afrika Kusini, Waholanzi wao walianza tu kuizalisha kwa biashara kwenye 1996 ndo ikajaa maofisini dunia nzima. Kiangazi inakijua vizuri.

Sasa kabla hujamwagia, chukua kijiti cha mshikaki ukichomeke mpaka chini, kiache dakika tano, kichomoe. Kikitoka na udongo umegandia au kina ubaridi, acha, rudi wiki ijayo. Kikitoka kikavu, hapo mwagia kweli kweli mpaka maji yatokee matundu ya chini, siyo vikombe vikombe. Kwangu kaskazi inakuja kama kila wiki mbili tatu, masika hata mwezi unapita. Yanayobaki kwenye sahani yamwage, yanaozesha mizizi na mbu wanazaliana humo, na dengi tunaijua.

Udongo wa mfinyanzi usiweke. Mi nachanganya udongo wa bustani na mchanga wa mtoni nusu kwa nusu, halafu makumbi ya nazi yaliyochambuliwa na vipande vya mkaa. Mchanga wa ufukweni Raskazoni usiulete, una chumvi, na makumbi yasiwe yale yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya usumba, nayo ni chumvi tupu. Ndoo ya rangi inatosha, pasha msumari moto toboa matundu sita saba chini. Ukiona ndoo imevimba pembeni ujue viazi vimejaa, hamishia kubwa zaidi kidogo tu.

Mwanga haina makuu, karibu na dirisha lenye pazia jepesi inapendeza zaidi. Jua la saa saba linaiunguza, baka halitoki tena. Gizani itaishi ila mashina yanarefuka membamba yakiegemea dirishani. Vumbi futa kwa kitambaa kibichi, jani moja moja. Mafuta ya nazi usipake, litang'aa siku mbili kisha vumbi lote linagandia.

Watoto na paka wasiitafune, ina kitu kile kile kinachowasha kwenye magimbi mabichi, ukishakata nawa mikono.

Kuzalisha sasa, hapa ndo napenda. Kata kijani kimoja, yaani jani dogo moja, kutoka kwenye shina, kiache siku moja kidonda kikauke, kichomeke kwenye kopo la mchanga wenye unyevu kidogo, weka kivulini. Miezi mitatu minne huoni chochote, kijani kimesimama vile vile, na wewe usikichomoe kuangalia kwa sababu chini kinajitengenezea kiazi kidogo kama punje ya mbaazi na ukikisumbua unakirudisha nyuma. Chipukizi linakuja baadaye sana, mengine karibu mwaka, limejikunja kama mkuki, rangi ya ndimu. Mi nina makopo kumi na moja dirishani, matatu tu yameshatoa, hayo mengine nayapitia kila Ijumaa naangalia siyagusi.